Mtu Aliyeombea Petroli Ipande

Katika mji mzima wa Durban, wenye magari na wasio nayo, alikuwapo mtu mmoja tu aliyepiga magoti kumwomba Mungu bei ya petroli ipande. Mtu huyo hakuwa na kisima cha mafuta wala hisa, hata baiskeli hakuwa nayo. Alikuwa mtia mafuta. Kutwa alisimama kwenye pampu namba mbili ya kituo kimoja karibu na Albert Park, ovaroli ya kijani, kofia ya kijani, kitambaa cha kufutia vioo begani, akiwajazia wenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukinunua hata kikombe kimoja. Jina lake Anatole. Na kama unasema alikuwa na wazimu, hukukosea sana, ila wazimu wa namna hiyo dawa yake haiuzwi famasi.

Kabla ya pampu, Anatole alikuwa mwalimu wa jografia kule Uvira. Miaka kumi na mmoja alisimama mbele ya ubao, na mshahara wa serikali aliusikia redioni tu. Wazazi wa wanafunzi ndio waliomlipa, huyu kwa unga wa mihogo, yule kwa ndakala, wale dagaa wakavu wa ziwani, mwingine kwa ahadi. Mke wake wa ujanani aliaga dunia huko huko, watoto hawakujaliwa, na vita vilipomchosha akashuka kusini, nchi hadi nchi, mpaka bahari ikamzuia. Hapo Durban akapewa ovaroli. Madereva walimwita baba, wengine bosi, wengine walimpigia mluzi tu. Jina la Mwalimu lilibaki ng'ambo ya ziwa, na yeye alijifanya halimuumi. Lilimuuma sana.

Sasa sikia mambo. Afrika Kusini bei ya petroli hubadilika nchi nzima siku moja, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kituoni pale kazi ya kubadilisha ubao wa bei ilikuwa ya Anatole: alfajiri anachukua fito ndefu yenye kulabu, anashusha tarakimu za plastiki za jana, anapandisha za leo. Jumatano ya kwanza ya Julai 2008, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alipandisha tarakimu mbili mbele ya nukta: moja na sifuri. Ten rand kwa lita! Madereva waliokuwa kwenye foleni wakashika vichwa. "Eish!" mmoja akasema, na mwingine akasema neno ambalo mimi siliandiki hapa.

Katikati ya msiba huo, nyuma ya Anatole, mtu akapiga vigelegele.

Si kidogo. Vigelegele vya arusini, vile vya kumtoa bibi harusi chumbani. Anatole akageuka na fito yake mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwanya, umri wa kati ya thelathini na arobaini, futi ya fundi cherehani imening'inia shingoni kama mkufu, na mfuko mkubwa wa nailoni kwapani.

"Mama, unafurahia nini?" Anatole alimuuliza. "Watu wanalia hapa."

"Waache walie, papa. Miye nitashona."

Hapo Anatole angeweza kuendelea na kazi yake, na hadithi hii ingekufa changa. Lakini mwalimu ni mwalimu, akikuta jambo asiloelewa haliachi. Akamuuliza: petroli na kushona vinahusiana wapi? Yule mama akaweka mfuko chini, akamweleza.

Jina lake Bernadette, mzaliwa wa Bukavu. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kambi ya jeshi, na binti alirithi mkono wa baba: alijua kutarizi kwa uzi wa dhahabu, majani ya mzeituni kwenye kola, nyota mabegani, kamba zile za kusukwa zinazoning'inia kifuani pa wakubwa. Kazi hiyo mashine haiiwezi. Bwana mmoja wa Queensburgh, Faheem, mwenye biashara ya sare, alikuwa na mteja wa ajabu: jeshi la nchi moja ndogo, watu wake wachache kuliko wa Durban, ila ardhi yao imejaa mafuta. Jina la nchi Faheem alikataa kulitaja, eti ni siri ya jeshi. Bernadette aliiita Nchi ya Mapipa. Mkesha wa kila Jumatano ya kwanza alipanda taksi kwenda Queensburgh kuchukua vipimo, alfajiri akarudi na kitambaa mfukoni, na njiani alichungulia bei ya petroli, maana bei ndiyo iliyomwambia kama atapata kazi tena.

"Ikipanda, wanazaa majenerali," alisema. "Ikishuka, hawazai. Mwezi wa tano walikuwa wanane. Sasa hivi iko kumi na wanne."

Anatole alisikia vidole vinawasha, kama vinatafuta chaki. "Donc weye iko unashona takwimu!" akapayuka. Akaanza kumfundisha pale pale, baina ya pampu namba mbili na namba tatu: nchi inayotegemea zao moja, bei ya dunia, hazina inayojaa kwa ghafla, wakubwa wanaoogopana na kununuliana vyeo ili pasiwe na wa kupindua. Alitumia fito kama kijiti cha kuonyeshea ramani. Dereva mmoja alibonyeza honi mara tatu, hakuna aliyemsikia.

Bernadette alisikiliza mpaka mwisho, kinywa wazi. "Kumbe!" akasema. "Weye ni mwalimu!"

Basi. Yamekwisha. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu mjini bila kuitwa jina lake, halafu mwanya mmoja ukalitamka, unafikiri moyo utabaki mahali pake? Anatole alilijaza gari la dizeli kwa petroli siku ile, na kama si Bwana Mahomed, msimamizi wa kituo, kukimbia na kulivuta bomba, kazi ingeota mbawa.

Bwana Mahomed huyo alizaliwa Chatsworth, ukoo wake wa wale Wazanzibari walioletwa Natal enzi za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kidogo na cha kale, alichokitoa siku za hasira na siku za Idi. "Anatole," alisema, "wewe umepigwa na nini?"

"Jografia, Bwana Mahomed."

"Jografia ina mwanya," alisema Bwana Mahomed, akarudi ndani kwenye chai yake.

Jioni ile Anatole aligeuza kalenda ya kituo, nyuma ilikuwa nyeupe safi, akaibandika kwenye ukuta wa kibanda cha watia mafuta. Akachora mistari miwili. Mwekundu ni bei ya petroli, wa buluu ni idadi ya majenerali wa Nchi ya Mapipa. Agosti Bernadette akapita, akasema kumi na saba. Septemba, ishirini. Mistari ikapanda bega kwa bega, na Anatole akajisikia ana darasa tena, la mwanafunzi mmoja, linalokutana mara moja kwa mwezi kwa robo saa. Robo saa hizo alizisubiri kwa siku ishirini na tisa, na siku ya thelathini alijipaka manukato ambayo petroli iliyameza kabla ya saa tatu.

Kisha bei ya dunia ikaanguka. Nani asiyekumbuka mwisho wa 2008? Mabenki ya wazungu yalianguka, mafuta yakaanguka, na Anatole akashusha tarakimu ya kwanza, ikabaki moja tu mbele ya nukta. Madereva wakacheza ngoma pale kituoni. Bernadette akapita mara ya mwisho, mfuko mtupu umekunjwa kwapani.

"Mwalimu, majenerali wamekwisha," alisema. "Faheem anasema hata wale waliopo wanatengenezewa kola za zamani. Naenda Pinetown, kiwanda cha mapazia."

Anatole alitaka kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hata mtoto wa shule ya msingi analiandika. Lakini gari liliingia, mtu akapiga mluzi, naye akaenda kufuta kioo. Aliporudi, hayupo.

Miaka mitatu! Kombe la Dunia lilikuja Durban, vuvuzela zikalia mpaka masikio yakaota sugu, likaondoka, Bernadette hakuonekana. Anatole aliendelea kuchora mstari mwekundu peke yake, ule wa buluu ukabaki umekatika kama barabara iliyoishia porini. Alikuwa na simu, ndiyo, ila namba ya Bernadette hakuwahi kuiomba. Mtu anayejua kwa moyo mito yote ya Afrika na matawi yake hakujua jinsi ya kuomba namba ya simu. Mnicheke mimi nikidanganya.

Mwisho wa mwaka 2011 bei ikarudi tarakimu mbili. Anatole alipandisha ile moja na ile sifuri, akashuka, na kabla hajaweka fito chini akasikia vigelegele. Futi ni ile ile, mwanya ule ule, mfuko umevimba.

"Mwalimu, wamezaa tena!" Bernadette alipiga kelele toka ng'ambo ya barabara. "Iko ishirini na wawili, na mmoja ni jenerali wa bendi!"

Ndipo Anatole alipojitungia sheria yake, na sheria hiyo ikamtesa miaka yote iliyofuata: bei ikiwa na tarakimu mbili, Bernadette yupo. Ikiwa na tarakimu moja, hayupo. Hakuandika popote. Haikuwa na haja.

Basi ikaja miaka ya neema. Eleven rand, twelve rand, thirteen rand! Mji mzima unanung'unika, nauli za taksi zinapanda, na Anatole anapandisha tarakimu huku akiimba. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Madereva walimchukia kwa dhati. Na Nchi ya Mapipa ilizaa majenerali kama sungura. Thelathini na watatu mwaka 2013. Hamsini na mmoja katikati ya 2014! Vipimo vya viuno navyo vilipanda. Bernadette alisema jenerali mmoja alianza na inchi thelathini na nne akafika arobaini na nane, na kila inchi unaweza kuiona kwenye mstari mwekundu. Vyeo vikaanza kukosa maana. Palikuwa na jenerali wa michezo, jenerali wa itifaki, na mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia gwaride la majenerali wenzake. Wakaagizwa pia maadmirali wanne, nguo nyeupe, vifungo vya nanga, na nchi yenyewe haikuwa na meli.

"Askari wa kawaida, je?" Anatole aliuliza siku moja. "Nao wanashonewa?"

"Sijawahi kuona kipimo chao."

"Na daktari? Na nurse? Na mwalimu?"

Bernadette alifikiri. "Hapana, Mwalimu. Tangu nianze, hakuna."

Anatole alishusha kalamu ya buluu. Alijua yuko mahali fulani, katika nchi ile asiyoijua, mwalimu mwenzake anayelipwa kwa mihogo. Mafuta yake yameshonwa mabegani mwa mtu. Hasira ilimshika, akaisema: "Hawa ni wezi wenye vifungo." Halafu akatazama mikono ya Bernadette, iliyojaa vitundu vidogo vya sindano, akaona aibu, kwa sababu alijua fika mwezi ujao ataomba wezi hao waongezeke. Alikuwa mtu mwema. Ila alipenda, na kupenda hakuulizi nchi ya watu ina shule ngapi.

Meli nayo ikanunuliwa hatimaye, na katika safari yake ya kwanza ikaharibika, ikavutwa hadi bandari ya Durban kutengenezwa. Faheem akamdokezea Bernadette, Bernadette akamdokezea Anatole, na Jumapili baada ya ibada wakaenda pamoja kuitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya pekee kutoka pamoja, na hakuna aliyethubutu kuiita hivyo. Waliiona kwa mbali baina ya makontena: kimeli cha kijivu, kifupi kuliko vivuta-meli vilivyokizunguka. Juu yake walisimama watu wanne wamevaa meupe.

"Wote wane!" Bernadette alishika mkono wa Anatole. "Maadmirali wangu wote wane kwa meli moja! Tazama yule munene, ule mkono wa kushoto nilirudia mara tatu!"

Wakacheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuwauliza wana shida gani. Bernadette alisahau kuuachia mkono wake hadi kituo cha taksi, na Anatole hakumkumbusha, alikuwa mjinga, ila si kiasi hicho.

Sasa tufike kwenye balaa. Katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaanza kuteremka, na Anatole aliisoma magazetini kama mtu anayesoma cheti chake cha hospitali. Oktoba ikashuka. Novemba ikashuka. Madereva walimpigia makofi kila aliposhusha tarakimu. Yeye alihesabu kwenye kalenda: ikienda hivi, mwanzoni mwa mwaka mpya tutaingia nine. Tarakimu moja. Mara iliyopita tarakimu moja ilimla miaka mitatu, na sasa nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi.

Ndipo alipoombea. Kanisa lao la Wakongomani lilikuwa ghorofani, juu ya saluni, na kila Jumapili mchungaji aliwaita wenye mahitaji wasimame. Huyu aliomba visa, yule aliomba uzao. Anatole akasimama, akasafisha koo.

"Wapendwa," akasema, "naomba tumwombe Bwana petroli ipande."

Kanisa likavurugika! Shemasi Vénérand, mwenye lori la kubeba mizigo bandarini, alinyanyuka na kofia ikaanguka. "Ipande?" alinguruma. "Ndugu Anatole, ipande wapi tena? Mbinguni?" Kwaya ikashindwa kujizuia kucheka. Mchungaji, mtu wa hekima, akasema kila mtu aombe kimya kimya kama Roho anavyomwongoza. Siku ile Mungu alipokea toka ghorofa moja maombi mia yanayosema ishuke na ombi moja linalosema ipande, na akasikiliza wengi. Desemba ikashuka vibaya.

Lakini hapa ajabu. Desemba hiyo Bernadette alifika kama kawaida, mfuko umevimba kuliko siku zote. "Iko majenerali wapya saba," alisema.

Anatole aliduwaa. "Bei inashuka, wao wanapanda?"

"Voilà! Hata miye nashangaa. Mmoja ni jenerali wa kufungua milango."

Januari bei ikaanguka zaidi ya rand nzima, ikabaki ten na senti. Bernadette akaja: wapya kumi! Akasema palikuwa na jenerali wa keki, na jenerali wa upepo. "Wa upepo?" "Upepo, Mwalimu. Anapima upepo wa bendera." Anatole akauvuta mstari wa buluu juu, ule mwekundu unaporomoka chini yake, na alikaa usiku mmoja mzima akitafuta maelezo. Alikumbuka kwamba wakubwa hawateremki ngazi upesi kama walivyoipanda. Huenda wamekopa, huenda wamefunga zahanati ili gwaride lisipungue. Nadharia ikakaa sawa. Na ndani ya nadharia likaingia tumaini: pengine safari hii hata nine rand haitamchukua.

Kisha ikaja Jumatano ya kwanza ya Februari 2015. Redio ilitangaza tangu juzi yake: nine rand na senti. Bwana Mahomed alibadilisha bei kwenye mashine ndani. Anatole akachukua fito, akatoka nje, akatazama ubao. Ten. Akaitazama fito. Tumaini la jana lote likayeyuka, akaona miaka mitatu mingine imesimama mbele yake. Akarudi ndani, akaificha fito nyuma ya mlango wa choo.

Ndiyo, najua. Kila mtu mjini ana redio, bei ni moja nchi nzima, na ubao mmoja wa Albert Park hauwezi kuzuia soko la dunia. Hata yeye alijua, alifundisha hayo miaka kumi na mmoja. Lakini aliyependa, nani amwambie?

Ilipofika saa tatu kituo kilikuwa kitupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Magari yote yalijaa kituo cha ng'ambo, ambako ubao ulisema ukweli. Madereva wachache waliozoea kwake waliingia kugomba. Mmoja, Mzulu mwenye mwili jumba, alisimama katunisha kifua akionyesha ubao kwa kidole na kuuliza kama wao wanaonwa vipofu. Bwana Mahomed akatoka na kikombe cha chai.

"Anatole! Ubao!"

"Fito imevunjika, Bwana Mahomed."

"Imevunjika? Nimetoka chooni sasa hivi, imesimama nyuma ya mlango inanitazama!" Na kwa kuwa hasira ilikuwa imempanda, Kiswahili cha bibi kikamtoka: "Wanitia hasarani, mwanaharamu wee, kwa sababu gani?"

Wakati huo huo taksi ya Pinetown ikasimama, Bernadette akashuka. Mfuko wake ulikuwa umevimba hadi kamba zinapasuka. Akaona watu, akaona mikono hewani, akatazama ubao kwa muda.

"Mwalimu," alisema, "juu ya nini ubao wako unadanganya?"

Watu wote wakamgeukia Anatole. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha miaka saba.

"Iko nine, Mama Berna," alisema. "Tangu asubuhi. Nilificha miye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ikifika nine hautakuja tena. Ile mara ya kwanza ilifika nine, ulipotea miaka mitatu. Nilihesabu. Siwezi tena. Nilisema basi ibaki ten, hata kwa siku moja, uje mara moja tu tena." Akavua kofia yake ya kijani. "Hata kanisani niliomba ipande. Uliza Shemasi Vénérand."

Yule Mzulu hakuelewa Kiswahili, lakini alitazama nyuso, akashusha mikono. Bwana Mahomed alisahau chai yake, ikamwagikia viatu.

Kicheko cha Bernadette kilianza mabegani, kikashuka tumboni, mpaka akaketi chini kwenye ukingo wa pampu namba mbili, machozi yanamtoka. Akaufungua mfuko. Akachomoa kitambaa, akakitikisa hewani. Kilikuwa na mawaridi. Mawaridi mekundu makubwa, ya mapazia.

"Huyu njo jenerali wako wa upepo," alisema.

Anatole akatazama kitambaa, akamtazama yeye.

"Tangu Novemba hakuna, Mwalimu. Nchi ya Mapipa ilimpigia Faheem simu, oda yote ikafutwa, hata vifungo. Nilirudi kiwandani Pinetown. Kila Jumatano ya kwanza naomba ruhusa, namwambia msimamizi meno yananiuma. Ananiuliza, mama, kwani kinywa chako kina meno mangapi? Halafu nashindilia vipande vya mapazia humu ndani, napanda taksi, nakuja."

"Na wale majenerali kumi na saba?"

"Niliwazaa miye, kwa taksi, njiani."

Anatole alishika kichwa. "Bernadette! Ulidanganya takwimu! Mchoro wangu wote! Mimi nimetafuta maelezo usiku kucha, nimefunga zahanati za watu kichwani, kumbe..."

"Sasa ningefanya nini?" naye akapandisha sauti, amesimama, mawaridi begani. "Bila majenerali ungekuwa na nini cha kuchora? Na kama hauna cha kuchora, miye ningekuja hapa kufanya nini? Sina gari!"

Hapo ikambidi Anatole aseme lile neno fupi, akalisema, mbele ya madereva, mbele ya Bwana Mahomed, sauti ikipanda na kushuka. Bernadette akalijibu. Ninyi mnalijua, sina haja ya kuwaandikia.

"Sharp!" akapaza sauti yule Mzulu, ambaye sasa alielewa kila kitu, na madereva wakapiga makofi, na mmoja wao akapiga honi ndefu hadi watu wa ghorofani wakafungua madirisha.

"Nimefurahi," alisema Bwana Mahomed, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Wallahi nimefurahi. Sasa bandika ile nine kabla sijafilisika."

Anatole alileta fito. Macho yake yalikuwa kwa Bernadette, tarakimu akazipandisha hovyo, na tisa ikakaa kichwa chini miguu juu. Six rand! Madereva wakapiga yowe, wakakimbilia magari yao, magari ya ng'ambo yakaanza kugeuza katikati ya barabara, Bwana Mahomed akaruka huku na kule akipunga kikombe kitupu. Anatole hakuona lolote kati ya hayo. Bernadette alikuwa anakunja kitambaa chake taratibu, anakirudisha mfukoni.

"Sasa, Mwalimu," aliuliza bila kumtazama, "nikuje tena siku gani?"

"Kesho," alisema Anatole.

"Kesho ni Alhamisi. Alhamisi bei haibadiliki."

"Najua," alisema.

Alhamisi akaja.